Tovuti ya Shirika na Mgeni Asiyehesabiwa

Rafiki yangu mmoja haoni tangu utotoni. Ana shahada, anatumia kompyuta kwa kasi inayonishinda, na mwaka jana aliniomba nikae naye anapoomba kazi kwenye tovuti ya shirika moja lisilo la kiserikali. Alishajaribu mara mbili peke yake akakwama. Kompyuta yake ina NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Tangazo la kazi lilikuwa PDF ya karatasi iliyopigwa skani, yaani picha ya maneno, na programu ikanyamaza. Nikamsomea mimi. Tukaenda kwenye fomu. Ilikuwa na visanduku tisa, na kila alipobonyeza Tab alisikia kitu kilekile: hapa pana nafasi ya kuandika, iko tupu. Jina? Simu? Mwaka wa kuzaliwa? Maneno hayo yalikuwepo, nikiyaona vizuri, ila aliyetengeneza fomu hakuyaunganisha na visanduku vyenyewe.

"Kaka, hiki cha nne ni nini?"

"Barua pepe."

"Haya. Na cha tano?"

Mwishoni mwa tangazo lile palikuwa na sentensi inayowahimiza watu wenye ulemavu kuomba. Naamini iliandikwa kwa nia njema, na aliyeiandika angeumia kama angekuwa ameketi na sisi pale.

Nimeyazungumza haya na watu wanaoendesha mashirika, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Tovuti nyingi za mashirika madogo zilitengenezwa na kijana wa kujitolea aliyekwishaondoka. Mfadhili anatoa fedha za mradi, si za tovuti. Wengine wanasema watu wengi wenye ulemavu kijijini hawana simu janja wala bando, kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye kiti mwendo na shule, tovuti ingoje. Na wapo wanaoogopa sheria kali. Marekani kesi dhidi ya tovuti zisizowafaa watu wenye ulemavu zinafunguliwa kwa maelfu kila mwaka, na wenye biashara ndogo wanalipa ili tu yaishe.

Mfano wao mzito kuliko yote unatoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikiambia chuo hicho kwamba mihadhara mingi kilichoiweka bure mtandaoni haikuwafaa watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi, kwa kuwa video nyingi hazikuwa na maandishi sahihi ya kufuata kinachosemwa. Chuo kikatazama gharama ya kurekebisha, na mwaka 2017 kikaondoa hadharani mihadhara zaidi ya 20,000. Anayesikia akakosa, na kiziwi hakupata. Mtu anayetaka sheria isukume mambo bila kujali mwenye tovuti ana uwezo gani, lazima aujibu mfano huu.

Jibu langu ni kwamba Berkeley inatuonyesha deni lililolimbikizwa. Somo moja kuliandikia maneno wiki linaporekodiwa ni kazi ya kawaida. Masomo 20,000 kwa mpigo ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa. Nitalirudia hili, lakini kwanza kuna hoja nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba zile zote: "Wageni wa namna hiyo kwenye tovuti yetu hatunao."

Tuwatazame hao wasiokuwepo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya walio na miaka 5 na zaidi. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilipata asilimia 11.2 ya walio na miaka 7 na zaidi. Umri wa kuanzia kuhesabu unatofautiana kidogo, sawa, lakini pengo hili ni la mara tano. Ukivuka mpaka pale Namanga, watu ni walewale, maradhi ni yaleyale, ajali za barabarani ni zilezile. Hakuna anayeweza kuamini kwamba upande mmoja macho na masikio yana afya mara tano kuliko upande wa pili.

Tofauti kubwa ya namna hii huzaliwa na swali. Maswali yanayotumika sana duniani kwenye sensa humuuliza mtu kama anapata shida kuona, kusikia, kutembea na kadhalika, na majibu ni manne: sipati shida, napata shida kidogo, napata shida sana, siwezi kabisa. Ukianza kuhesabu kwenye "shida sana" unapata taifa moja. Ukianza kwenye "shida kidogo" unapata taifa jingine. Ongeza na aibu. Karani anauliza mlangoni, majirani wakisikia, na wapo mababa ambao hawatamtaja mtoto aliye chumba cha ndani. Nimeishi karibu na nyumba ya namna hiyo, na mtoto yule sikumjua mpaka siku nyumba ilipohamishwa.

Kwa mwenye tovuti, yule wa "shida kidogo" ana uzito kuliko anavyodhani. Huyu hajiiti mlemavu. Ni mwalimu mstaafu mwenye mtoto wa jicho unaoanza, ni mama muuza mboga anayesoma simu yenye kioo kilichopasuka, juani, saa saba mchana. Anachohitaji ni maandishi yanayoonekana. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 kati ya herufi na rangi ya nyuma yake. Shirika la WebAIM la Marekani hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana duniani. Mwaka 2025 asilimia 79.1 ya kurasa hizo zilikuwa na maandishi hafifu kuliko kipimo hicho. Kijivu juu ya nyeupe, kwa sababu mbunifu aliona kinapendeza kwenye skrini yake kubwa ofisini. Mstaafu wetu akifungua, anakodoa, anafunga. Takwimu za tovuti zinaandika kwamba alikaa sekunde sita. Hazimwandiki kuwa haoni vizuri, na kikao kijacho shirika litasema tena kwamba wageni wa namna hiyo halina.

Sasa gharama. Kesi ninayoirudia kila mara ni ya Sydney. Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, alilalamika mwaka 1999 kwa Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya nchi yake kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya 2000 haimfai. Picha hazikuwa na maelezo ya maneno, na orodha ya michezo haikufikika kutoka ukurasa wa ratiba. Kamati ya maandalizi ilijitetea kwamba kurekebisha kungemchukua mtu mmoja siku 368, na gharama ingezidi dola milioni 2 za Australia. Wataalamu wa upande wa Maguire wakasema ni kazi ya wiki chache kwa timu ndogo. Agosti 2000 Tume ikamkubalia Maguire. Marekebisho hayakukamilika, na Novemba kamati ikaamriwa kumlipa dola 20,000.

Siku 368 zimezidi mwaka. Hata hivyo siamini walidanganya. Mtu anayeangalia maelfu ya kurasa zilizokwisha kujengwa, kila moja na kasoro yake, anaweza kupata hesabu hiyo kwa moyo safi. Ni hesabu ya Berkeley hiyohiyo: gharama ya kuchelewa, inayowasilishwa mezani kana kwamba ndiyo gharama ya kuwajali watu wenye ulemavu. WebAIM wanasema asilimia 96 ya makosa wanayoyakamata ni ya aina sita tu: maandishi hafifu, picha bila maelezo, visanduku vya fomu bila lebo, linki tupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Kipimo cha mashine hakikamati kila kitu, ni kweli. Lakini kasoro hizo sita hazihitaji mradi wa mfadhili. Anayepandisha picha ya semina anaandika sentensi moja: "Wanawake watano wakipanda miche ya mikoko ufukweni." Basi.

Hilo la lugha linatuhusu sisi kuliko wengi. Kila ukurasa hubeba kwenye msimbo wake alama inayosema umeandikwa kwa lugha gani, na programu ya kusoma skrini huifuata. Templeti tunazonunua huja zimeandikwa "en", Kiingereza, na hakuna anayebadilisha kuwa "sw". Matokeo yake sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Siku ile na rafiki yangu ilitamka menyu nzima hivyo, na mimi ninayeona ilibidi nitazame skrini ili nijue limesomwa neno gani. Sauti ya Kiswahili anayo, imo ndani ya NVDA, inangoja kuitwa. Kipimo cha mashine nacho kinauacha ukurasa huo upite, kwa kuwa lugha imetajwa. Kwamba si yake, mashine haiangalii. Ni herufi mbili za kubadilisha.

Wanaotafuta njia ya mkato huuziwa kitufe cha kubandika pembeni ya tovuti, kinachoahidi kurekebisha kila kitu chenyewe. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1, ikisema ilikuwa imetoa madai ya kupotosha kwamba bidhaa yake inaweza kuifanya tovuti yoyote ifuate WCAG. Fedha ya kitufe hicho ingemlipa fundi siku kadhaa, na kazi ya fundi ingebaki.

Kwa hiyo simo katika kundi la wanaotaka shirika la watu watatu lishitakiwe kwa sababu ya video za miaka kumi iliyopita. Video hizo zibaki, hata kama hazina maandishi. Ila chochote kinachopandishwa kuanzia sasa kitoke kikiwa sawa, na kurasa ambazo mtu hupata kazi, fedha, matibabu au msaada wa sheria zirekebishwe mwanzo, hata kama ukurasa wa picha za mkurugenzi utangoja. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, mkataba ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti kwa jina. Msingi upo. Kinachokosekana ni ofisa kumpa mtu asiyeona tovuti aijaribu kabla haijazinduliwa, na kumlipa kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mpiga picha wa uzinduzi.

Rafiki yangu alituma maombi yake saa nne usiku. Siku ya pili alipiga simu mwenyewe kwenye ofisi ile, akaunganishwa na kijana wa IT, wakaongea kama nusu saa. Visanduku vyote tisa sasa vina lebo, nimehakikisha. Tangazo lao jipya la kazi nimelifungua wiki iliyopita. Bado ni karatasi iliyopigwa skani, imeinama kidogo upande wa kushoto, na muhuri umefunika tarehe ya mwisho.