Shule Yetu Ilivyohamia Hispania

Kilichoniponza ni mdomo. Kwenye kikao cha walimu nilijigamba kwamba kidato cha tatu wangu wanachora ramani kwa QGIS, programu ya bure kabisa. Kama wanachuo wa Dar es Salaam waliweza kuchora mitaa inayofurika kwa mradi wa Ramani Huria, sisi wa Morogoro tushindwe na mabomba ya shule? Mkuu wa shule akatikisa kichwa kukubali. Wiki iliyofuata akaingia darasani na mgeni: mama mthibiti ubora, miwani puani, daftari mkononi.

Data tulikuwa nayo. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu, ilizungushwa yangu, kundi kwa kundi, wakaniletea pointi 23, kila moja na latitudo na longitudo yake: mabomba, mwembe wa paredi, vyoo, kibanda cha mama wa maandazi, hadi ofisi ya mkuu. Simu yenyewe ilirudi na picha za midomo iliyobinuliwa, lakini hayo tuyaache. Usiku nikaingiza namba zote kwenye laptopu.

Nikawasha projekta ya kuazima. "Karibuni shuleni kwetu!" nikatangaza, nikabonyeza.

Ikatokea Ethiopia.

Pointi zimetulia karibu na mji wa Sodo kama zimezaliwa huko. Mkuu akakohoa.

"Mwalimu, hapa ni wapi?"

"Inavuta mtandao, mkuu."

Uongo mtupu. Simu ilisema latitudo 6.82 S, mimi nikaandika 6.82, ile S nikaiona pambo. Kumbe kwenye kompyuta kusini mwa ikweta ni hasi, na ukisahau hicho kistari kimoja umeshavuka ikweta.

Nikaanza kuweka vistari, kimoja kimoja, jasho likidondokea kibodi. Mama mthibiti akajipepea kwa daftari. Nikapakia upya. Programu ikauliza: X ni safu ipi, Y ni ipi? Mara ya kwanza ilijichagulia yenyewe. Safari hii nikaona niiongoze, mimi si ndiye mwalimu? Latitudo hutajwa kwanza, basi nikaipa X. Nikabonyeza kwa kishindo.

Hispania. Mkoa wa Huelva, si mbali na mpaka wa Ureno.

Darasa likalipuka. "Ulaya bila viza!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Dirishani Milima ya Uluguru imesimama pale pale ilipo siku zote, inanitazama.

"Mwalimu," mama mthibiti akauliza kwa upole ulioniumiza kuliko kufokewa, "choo cha wavulana kiko wapi?"

"Kwa sasa, mama, kiko Hispania."

Akaandika. Naapa aliandika.

Binti mmoja wa dawati la mbele, mpole ambaye huwa hanyooshi mkono, akanyoosha. "Samahani mwalimu. Si wewe uliyetufundisha istingi kwanza, nothingi baadaye?"

Miaka yote hiyo nawaimbia wimbo huo kwenye usomaji ramani: istingi ni ya mashariki, nothingi ya kaskazini! X ni mashariki na magharibi, yaani longitudo, 37.66. Nikabadilisha safu mbili tu, na pointi zikarudi Morogoro, chini ya mlima, kila bomba mahali pake. Makofi. Hata mama mthibiti alipiga, ingawa kwa vidole viwili.

"Mbona ziko 22?" akauliza mkuu, ambaye siku nyingine hahesabu hata chaki. "Ofisi yangu iko wapi?"

Nikavuta ramani nyuma, nyuma zaidi, mpaka Afrika yote ikaonekana. Kitone kimoja kilikuwa kinaelea peke yake baharini, Ghuba ya Guinea. Ndani ya ofisi, chini ya bati, simu haikushika setilaiti, na kijana aliyetumwa akajaza sifuri kwa sifuri, yaani pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich.

Hadi leo nikipeleka ombi la kununua projekta, mkuu hunijibu kwamba hela ipo, niifuate ofisini kwake.