Swali la kuacha dawa za sonona lijibiwe siku ya kuanza

Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, na huku kusini mwa Tanzania huangukia msimu ambao masikio ya watu yako kwenye korosho. Wahudumu wa afya hupata dakika zao chache redioni, katikati ya bei ya kilo na matangazo ya vyama vya msingi, na ujumbe huwa uleule: sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, unatibika, dawa zipo, na ukizianza usiziache bila kumwona daktari. Jibu la mtaani nalo ni lilelile, iwe Masasi, Ruangwa au Kilwa Masoko: hizo dawa ukizigusa tu umekwisha, utazimeza mpaka kaburini.

Wataalamu wengi huliita jibu hilo uelewa mdogo na kuagiza elimu zaidi itolewe. Mimi naona watu wameelewa vizuri sana, ila wameelewa somo la ugonjwa mwingine. Kwa takriban miaka 20 tumefundishwa, na kwa haki kabisa, kwamba ARV, dawa za kufubaza VVU, haziachwi: kadi, tarehe ya kurudi, kidonge kila siku saa ileile, maisha yote. Wenye presha na kisukari wakafundishwa hivyohivyo. Leo mtu wa sonona anapewa kadi inayofanana na zile, tarehe inayofanana na zile, na muuguzi anamwambia kwa upole, "Usiogope, ni dawa kama za presha tu." Anadhani amemtuliza, kumbe amemsomea hukumu ya maisha.

Nilimsikia bibi mmoja wa Kitangari akilileta jambo hili kwenye dirisha la dawa. Kijana wa zamu alimkabidhi kipakiti cha nailoni kilichoandikwa kwa peni "1x1 usiku", akasema, "Bibi, hizi usiache-ache." Bibi akakigeuza kile kipakiti pande zote mbili, kama anayetafuta maandishi mengine. "Sawa, mjukuu wangu. Na nikishapona?" Kijana akamwita anayefuata.

Swali la bibi lina jibu, na halifichwi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unasema dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha ipunguzwe polepole. Ni msimu mmoja wa korosho hadi mwingine. Aliyewahi kuugua mara kadhaa huenda akashauriwa kuendelea zaidi, lakini mgonjwa wa mara ya kwanza ana mwisho unaoonekana. Sioni kwa nini mwisho huo usitajwe siku ileile anapoandikiwa.

Kabla ya kuacha kuna kuanza, na hapo pia hofu ya watu ina macho. Mara nyingi kliniki ya afya ya akili ni chumba kimoja kinachohudumia kifafa, magonjwa yanayoleta kuona na kusikia yasiyokuwepo, na sonona. Anayekuja na sonona anaona kwenye benchi mtu aliyekakamaa shingo, mate yanamtoka, anatembea kwa hatua fupifupi. Hakusimuliwa, amemwona. Hali ile huletwa na dawa kama haloperidoli na chlorpromazini, ambazo ni za ugonjwa mwingine. Amitriptilini na fluoksetini, zinazotolewa kwa sonona, kwa kawaida hazifanyi hivyo. Nani kamwambia? Wote wametoka na vipakiti vya aina moja, kupitia mlango mmoja, na mtaani vyote ni "dawa za kichaa".

Wala haisaidii kumwambia kwamba hizi hazina tatizo. Amitriptilini, dawa iliyopo tangu 1961, hukausha mdomo, hufunga choo, hutia ukungu machoni na kumlaza mtu usingizi mzito. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi na kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo hakuna anayelitaja na ambalo limewafanya wanaume wengi watupe dawa bila kueleza sababu. Kwa vijana hadi miaka 24, mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kutoa onyo kali mwaka 2004 kwa watoto na kulipanua mwaka 2007, kwamba mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa matibabu, kwa hiyo kijana aliyeanzishwa asiachwe peke yake na akibadilika arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Ugumu wenyewe ni wa ratiba. Madhara hufika siku ya kwanza, nafuu hufika wiki ya pili, ya tatu, pengine ya nne. Anayeacha siku ya tano amepima alichokiona: mdomo mkavu upo, huzuni ipo palepale. Na wapo wanaobaki miezi kwenye miligramu 25 za amitriptilini, kipimo cha kuanzia, wakati kwa sonona hupandishwa kwa kawaida hadi 75 au zaidi. Huyo naye anahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi. Kwa kipimo hicho hajakosea sana.

Upande wa madaktari una hoja nzito, na nisiipitie juujuu kana kwamba haipo. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 yenye watu 116,477: dawa zote 21 zilizopimwa ziliishinda dawa bandia, yaani vidonge vya majaribio visivyo na kitu ndani, na iliyoongoza kwa nguvu ilikuwa hiyohiyo amitriptilini ya zamani. Wastani wa nafuu si wa miujiza, ila kwa mtu ambaye hajatoka kitandani tangu palizi, hajaoga, hali chakula, nafuu ya wastani ni kitu kikubwa. Kwa sonona nyepesi ni habari nyingine. Hapo miongozo haianzi na kidonge, huanza na mazungumzo. Zimbabwe wamewafundisha mabibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuongea nao, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, na jaribio lake lilitoa matokeo mazuri. Mabibi huku hatuna uhaba.

Turudi kwenye kuacha, maana ndiko maneno yalikojaa. Mwaka 2024 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa uchambuzi wa watafiti wa Ujerumani uliokusanya tafiti 79 na watu zaidi ya 21,000. Kati ya kila watu 100 walioacha dawa halisi, 31 walipata angalau dalili moja: kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu, usingizi kuvurugika, hasira. Kati ya 100 walioacha dawa bandia, 17 nao walipata.

Tarakimu hizi mbili nimezizungusha kichwani muda mrefu, kwa sababu kila upande huchukua moja na kuondoka nayo. Wanaoziogopa dawa huchukua 31 na kusema theluthi nzima inateseka. Wanaozitetea huchukua 17 na kusema mnaona, ni hofu tu. Chukua watu 100 wa Nanguruwe, uwape vidonge vitupu miezi mitatu, kisha uwaambie waache. Kizunguzungu kitawapata baadhi yao, kwa sababu kuna jua, kuna malaria, kuna kulala njaa, na kuna kungoja kizunguzungu ulichotabiriwa. Hao 17 hawajidanganyi. Kichwa kinawauma kweli, ila chanzo si dawa. Ukiwaondoa, wanabaki kama 14 au 15 katika kila 100 ambao kuumwa kwao kumeletwa na kuacha dawa yenyewe. Mmoja kati ya sita au saba. Waliopata dalili kali walikuwa kama 3 katika 100.

Mmoja kati ya saba si wengi, wala si jambo la kumwambia mtu kwamba halipo. Kwa miaka mingi walioacha na kuumwa waliambiwa ni ugonjwa unarudi, au ni mawazo yao. Wakosoaji wa uchambuzi huu nao wana neno la kusikilizwa: majaribio mengi yaliyomo yalidumu wiki au miezi michache, na mtu aliyemeza miaka mitano asifarijiwe moja kwa moja kwa tarakimu za aliyemeza wiki 12.

Huku kwetu jambo hili lina tafsiri ya tatu, nayo inaharibu zaidi. Mtu ameacha ghafla. Siku ya tatu anaona kama umeme unapita kichwani akigeuza shingo, anaota ndoto nzito, jasho linamtoka, analia bila sababu. Daktari akiambiwa atasema sonona imerudi. Mwenyewe atasema si niliwaambia, dawa zimenikamata. Shangazi atasema jini limerudi na hasira kwa kuwa halikupungwa likaisha, na safari ya kwa fundi wa kupunga inaanza usiku huo. Wote watatu wanamtazama mtu mmoja na dalili zilezile. Wa katikati ndiye aliye karibu na ukweli, na ndiye wanayemsikiliza kidogo kuliko wote.

Kutofautisha si kazi ngumu kiasi hicho. Dalili za kuacha hufika ndani ya siku chache na kuja na mambo ya mwilini ambayo mgonjwa hakuwa nayo alipougua, kama kile kizunguzungu na kile kiumeme. Akirudishiwa dawa, mara nyingi hutulia ndani ya siku chache. Sonona inayorudi hutambaa: wiki zinapita, usingizi unapungua, chakula kinachukiza, mtu anaanza tena kukwepa watu. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu sana, kwa hiyo kuiacha mara nyingi ni kwepesi na dalili zikija huchelewa. Muuguzi anaweza kuyaeleza haya kwa muda wa kuandika kadi.

Na sonona hurudi kweli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuata watu 478 waliokuwa wametumia dawa muda mrefu na kujisikia vizuri kiasi cha kutaka kuacha. Baada ya mwaka, walioachishwa polepole walirudiwa 56 katika 100. Walioendelea walirudiwa 39 katika 100. Ukitaka, soma kwamba kuacha ni hatari. Ukitaka, soma kwamba 44 waliacha wakapita mwaka salama, na kwamba 39 walimeza kila siku bado wakaugua. Mimi nasoma yote mawili, na ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu anayetaka kujaribu kuacha kwa mpango, akiwa na mtu wa kumwangalia.

Mpango, kwa maana ya kupunguza ngazi kwa ngazi, wiki kadhaa au miezi, ngazi za mwisho zikiwa ndogo kuliko za mwanzo, kwa sababu kipimo kidogo bado kina nguvu kubwa kwenye ubongo. Tatizo ni kwamba wengi kusini hawaachi kwa mpango wala kwa ukaidi. Wanaachishwa. Dirishani wanaambiwa dawa hakuna, kanunue nje, na mwezi wa pili hela ya korosho imeshakwisha. Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa njia iliyobaki ilikuwa kuzungukia Songea. Mtu wa dawa ya kila siku hana siku kadhaa za kusubiri. Kumhubiria asiache ghafla, wakati rafu yenyewe ndiyo inayoacha ghafla, ni kumwonea.

Ramadhani nayo huwaachisha wengi wa pwani bila sababu. "1x1 usiku" inamezwa baada ya futari au kabla ya daku, saumu haiguswi. Malalamiko ya mdomo mkavu mchana ni ya kweli, na anayeona hawezi aende akaongee kabla ya mwezi kuandama, si kuitupa Shaabani inapoisha.

Linabaki swali ambalo pande zote mbili zinalikwepa: apewe vidonge vingapi kwa mara moja? Amitriptilini nyingi kwa mkupuo huharibu mapigo ya moyo na huua, na anayeipokea ndiye mtu ambaye huenda anawaza kufa. Kwa hiyo daktari mwangalifu anatoa ya wiki mbili. Lakini wiki mbili kwa mtu wa Liwale vijijini ni nauli, siku ya kazi na kulala kwa ndugu, na safari ya tatu hatakuja. Fluoksetini ni salama zaidi kwa hilo, na ingekuwepo kila mahali ningesema itolewe ya miezi miwili tukamaliza. Pale ambapo haipo, naunga mkono itolewe ya mwezi mzima, lakini akabidhiwe ndugu aliyemsindikiza, aambiwe pale dirishani kwamba yeye ndiye mtunzaji, aifungie, ampe mgonjwa kimoja kila usiku, na ajulishwe mwezi gani wataanza kupunguza. Asiye na ndugu wa kumsindikiza abaki kwenye wiki mbili, na nauli yake itafutiwe fungu halmashauri.