Hati za mtaa katika mji wa dola

Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, ni mji unaoijua historia ya kuwa na pesa zake. Kabla ya ukoloni wafua shaba wa Katanga walikuwa wakimimina misalaba ya shaba iliyotumika katika biashara na hata katika mahari, na katika miaka ya kujitenga kwa jimbo, 1960 hadi 1963, ilitolewa faranga ya Katanga ambayo sarafu zake zilibeba picha ya msalaba uleule. Kwa hiyo mtu anayependekeza leo kwamba mafundi na wachuuzi wa komini (mitaa mikubwa) za Katuba au Kamalondo waunde hati yao ya kubadilishana kazi na bidhaa bila pesa taslimu haleti jambo geni masikioni mwa wenyeji. Anagusa kumbukumbu, na si kila mtu hapa anapenda kukumbushwa.

Hoja ya watetezi inaanzia kwenye kazi inayolala. Tuseme fundi cherehani amemaliza sare za shule za mwezi wa tisa, na tangu hapo mashine yake inafanya kazi siku mbili kwa wiki. Jirani yake seremala ana suruali zilizochakaa. Mama anayeuza bukari (ugali) kwenye kona anahitaji benchi mpya, na fundi cherehani lazima ale kila siku. Wote watatu wana ujuzi na muda, wote wako kwenye avenyu moja, lakini hakuna aliye na makuta (pesa) ya kuanzisha mzunguko, basi kila mmoja anakaa akimngoja mteja mwenye pesa kutoka mbali. Mtu atauliza: si kuna kaye (daftari) ya madeni, si kuna likelemba, yaani mchango wa zamu? Zipo, na zimewabeba watu wengi kuliko benki. Lakini deni la kaye linafunga watu wawili tu, kwa kuwa mama wa bukari hawezi kumlipa seremala kwa deni analomdai fundi cherehani. Na likelemba inadai kila mshiriki alete pesa taslimu kwanza, jambo ambalo ndilo lililowashinda. Hati ya mtaa ikitengenezwa vizuri inafanya kitu kimoja ambacho hivyo viwili havifanyi: inaliruhusu deni litembee hadi kwa mtu wa tatu.

Jambo hili limejaribiwa karibu nasi. Mwezi wa tano 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, nchini Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya), wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati zilizoitwa Bangla-Pesa, kila mmoja akidhaminiwa na wenzake. Kabla mwezi haujaisha, mwanzilishi wake Will Ruddick na watu wengine watano walikamatwa na kushtakiwa kwa kughushi, huku wakihusishwa na vuguvugu lililotaka kuitenga pwani. Mashtaka yalifutwa mwezi wa nane mwaka huohuo, na wazo lenyewe likaendelea hadi likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kwa nini kisa hicho kinatuhusu. Ikiwa Mombasa hati za wauza mboga zilidhaniwa kuwa njama ya kujitenga, hati ya Katuba yenye picha ya msalaba wa shaba ingedhaniwa kuwa nini?

Wapinzani wana sheria upande wao. Ibara ya 170 ya Katiba inasema faranga ya Kongo ndiyo pesa ya taifa, na ibara ya 176 inaipa Benki Kuu kazi ya kuitoa. Zaidi ya sheria kuna woga wa haki wa watu waliochoshwa na makaratasi: mwaka 1993, pesa ya zaire mpya ilipoletwa kwa kiwango cha moja kwa milioni tatu za zamani, eneo la Kasai liliikataa na kuendelea na noti za zamani, ikawa nchi moja ina pesa mbili. Nadhani njia salama ni kutochapa chochote kinachofanana na noti. Daftari la pamoja, linalotunzwa na ushirika uliosajiliwa na kuonyesha nani anadai na nani anadaiwa, linatosha, nalo liitwe daftari, lisiitwe pesa.

Hata hivyo pingamizi zito zaidi halihusu sheria, linahusu Kasumbalesa. Sehemu kubwa ya unga wa bukari inaingia kupitia mpaka huo ikitoka Zambia. Vitambaa, uzi, misumari na mafuta ya kupikia vinatoka mbali zaidi, na wauzaji wa jumla wanahesabu kwa dola, kama mabenki yetu ambamo zaidi ya asilimia 80 ya amana ni fedha za kigeni. Mama wa bukari akipokea hati siku nzima, jioni hataweza kununua mfuko wa unga. Atakuwa amelisha mtaa na kufilisika kwa heshima. Watetezi wengi hulipita jambo hili haraka mno, ilhali ndilo litakaloamua kila kitu.

Jibu linaloeleweka nimeliona Uswisi. Mfumo wa WIR ulianzishwa huko mwaka 1934 wakati wa mdororo mkubwa, unahudumia biashara ndogo na za kati hadi leo, na ndani yake muuzaji anaweza kupokea sehemu tu ya bei kwa salio la WIR, iliyobaki ikalipwa kwa pesa ya kawaida. Mafundi wetu tayari wanatenganisha mali na kazi ya mikono wanapotaja bei. Basi kitambaa kilipwe kwa faranga au dola, mshono uandikwe daftarini. Mama wa bukari apokee daftarini sehemu inayolingana na mboga, makala (mkaa) na jasho lake, si unga.

Kila mwanachama awekewe ukomo wa deni, na wenzake waliomdhamini walibebe akihamia Kolwezi bila kulipa. Lakini kanuni ya mji wa Wörgl huko Austria, ambako mwaka 1932 hati zilipoteza asilimia 1 kila mwezi ili watu wasizifiche, singeiiga. Kanuni ile ilifaa mahali ambapo watu walikuwa wakificha pesa. Hapa hakuna atakayeficha salio la mtaa. Kila mtu atataka kulitoa mikononi haraka, na adhabu hiyo ingezidisha haraka hiyo.

Wörgl ilikuwa na nguvu nyingine ambayo ushirika wa Katuba hautakuwa nayo: manispaa yenyewe ililipa mishahara kwa hati hizo na ilizipokea kama kodi. Kwetu mtoza ushuru wa soko anataka faranga taslimu kila asubuhi, na mwenye nyumba anataka dola, tena za miezi kadhaa mbele, ambazo hazijachanika. Kwa hiyo daftari linaweza kumwondolea fundi cherehani gharama ya chakula cha mchana, benchi na ususi wa watoto, na kumwachia faranga chache alizonazo kwa ajili ya watu hao wawili. Hicho ndicho kiasi ambacho ningethubutu kumwahidi.