Tumekuja kuona jumba la wafalme au kununua vyombo?

Jamani hizi safari za makundi hapa Beijing zinakera! Forbidden City, jumba la wafalme 24 wa China wa koo za Ming na Qing, limekamilika tangu 1420, tumepewa saa moja na nusu, mtembezaji na kibendera chake anakimbia utadhani anadaiwa, halafu karakana ya vyombo vya shaba masaa mawili. Sikatai, yule mama anayebandika vijiwaya kimoja kimoja kwa kibanio kabla ya kujaza rangi na kuchoma tanuruni ningemwangalia siku nzima, ila dakika kumi tu tushasukumwa dukani, muuzaji ananifuata kila kona na kikokotoo, nikitikisa kichwa anafuta anaandika bei nyingine. Sijanunua hata kijiko.