Mmegawana friji, haya deni la vikoba nani analipa?

Mwaka jana nilienda kumsaidia binamu yangu kuhamisha vitu baada ya kuachana na mumewe, yaani watu wazima wawili wamekaa sebuleni lisaa lizima wanagombania friji na subwoofer, shemeji mpaka katoa risiti, mi nipo pembeni nimepakata masufuria nawaangalia tu. Nyumba ilishasemwa ni ya mwanaume maana kiwanja kina jina lake. Sawa. Ila bati zilizoezeka hiyo nyumba zilitoka kwenye mkopo wa vikoba, na kwenye kitabu cha vikoba jina ni la nani? La binamu. Akaondoka na friji lake na marejesho ya kila wiki.

Hapo ndo huwa nachoka na sisi, tunagombania vile vinavyopandishwa kwenye kirikuu basi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama ikigawa iangalie mchango wa kila mmoja, uwe hela, mali au kazi, halafu iangalie na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Kwahiyo huwezi kubaki na bati ukamwachia mwenzio deni la bati. Na nyie wa "alikuwa mama wa nyumbani tu", Mahakama ya Rufani ilishamaliza hiyo tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kazi za nyumbani ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe aliambulia patupu, mume alishampa hela ya kujenga akaichezea, hiyo sehemu huwa hatupendi kuisimulia.)

Sasa njoo kwenye mafao. Kila mwezi asilimia 20 ya mshahara inaenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nyingine inakatwa kwenye mshahara nyingine anatoa mwajiri, piga hesabu miaka 15 ya ndoa ni shilingi ngapi. Kifungu cha 114 hakijataja neno mafao, basi watu wanaona ni ya mwenye kadi yamekwisha. Mi sikubali, hiyo hela iliyokatwa ni hela ambayo haikufika nyumbani, na pengo lake lilizibwa na vitumbua vya binamu kuanzia saa kumi na moja alfajiri, sare za shule zilitoka kwenye lile karai.

Ila kubeba begi kwenda kwenu sio talaka jamani. Mgawanyo mahakama inauamua ikishatoa talaka au amri ya kutengana, na kabla ya kuomba talaka mnapita baraza la usuluhishi la ndoa. Binamu ndo kwanza yuko hatua hiyo, kwenye baraza la kata. Kitabu cha vikoba anacho, tarehe ya mkopo inasomeka, na fundi aliyeezeka bado anakaa mtaa wa pili, nimemwambia ampigie leo leo kabla shemeji hajamuwahi.