Simba dume wa miaka minne akija kwenye chambo

Alfajiri ya kiangazi, ndani ya kitalu cha uwindaji. Paja la nyati limefungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti tangu juzi, na mita themanini kutoka hapo watu watatu wamejibanza ndani ya kibanda cha nyasi, hakuna anayethubutu kukohoa. Dume anatokea. Anasimama, anainua kichwa, na kwa sekunde chache uso wake wote unaonekana. Mteja ameshaweka kidole tayari. Amelipia safari ya siku 21, maana simba hauzwi katika safari fupi, na leo ni siku ya 17. Mwindaji bingwa anayemwongoza, aliye pembeni yake, hahangaiki na manyoya ya shingo wala ukubwa wa mwili. Anaelekeza darubini puani. Pua bado ni ya pinki, ina vidoa vyeusi vichache tu. Ananong'ona: "Mdogo huyu. Muache aende."

Mnong'ono huo ndio ninaotaka kuupima hapa. Tangu mwaka 2010 kanuni za uwindaji wa kitalii Tanzania zinataka simba anayepigwa awe dume wa miaka 6 au zaidi. Naiunga mkono kanuni hiyo, na nitaeleza kwa nini. Lakini nimechoka kuisikia ikitajwa kana kwamba ukishamwacha simba mchanga umemaliza maswali yote ya haki kati ya binadamu na mnyama. Imejibu swali moja, na imelijibu vizuri. Mengine yamebaki palepale.

Tuanze na lile lililojibiwa. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti mfululizo tangu 1966, kundi kwa kundi, mnyama kwa mnyama, na katika kumbukumbu hizo maisha ya dume yanasomeka kama ratiba. Akifika umri wa miaka miwili au mitatu anafukuzwa na wakubwa kutoka kundi alikozaliwa. Anazurura, mara nyingi na ndugu zake. Akifika miaka minne hivi, yeye na wenzake huvamia kundi, huwatimua madume waliopo na kushika nafasi yao. Jambo la kwanza wanalofanya ni kuua watoto wadogo wa waliotimuliwa, ili majike warudi kwenye joto mapema. Kisha nao huzaa, na watoto wao wanahitaji ulinzi wa baba kwa takriban miaka miwili kabla ya kuweza kujitegemea.

Piga hesabu. Dume aliyeingia kundini akiwa na miaka minne ana watoto wachanga akiwa na mitano. Ukimpiga hapo hujaua simba mmoja. Umefungua mlango kwa madume wengine, nao wataingia na kuua kizazi kizima cha marehemu. Majike wataanza upya, mimba ya miezi mitatu na nusu, watoto vipofu kichakani. Na msimu ujao mteja mwingine akimpiga baba mpya, mzunguko unarudi mwanzo. Kundi linaweza kukaa miaka bila kukuza mtoto hata mmoja, ilhali kwenye karatasi za leseni panasomeka simba mmoja tu kwa msimu. Kinyume chake, dume wa miaka sita na kuendelea huwa kwa kawaida ameshakuza angalau uzao mmoja. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyoonyesha kwamba wakipigwa madume waliovuka umri huo pekee, idadi ya simba haiporomoki hata mgao, yaani idadi inayoruhusiwa kupigwa, ukiwa mkubwa, kwa sababu wazee hawako wengi kiasi cha kuujaza mgao wenyewe.

Nimelikalia hili kwa muda kwa makusudi. Watu wengi hudhani kumwacha mchanga ni huruma ya mwindaji, au ni ubahili wa kusubiri manyoya ya shingo yakue. Kumbe ni kuzuia vifo ambavyo mwindaji hatavisikia, vitakavyotokea wiki kadhaa baada ya ndege yake kuruka.

Sasa ugumu. Kanuni yote inasimama juu ya uwezo wa mtu mmoja kukisia umri wa mnyama aliye hai, alfajiri, kwa sekunde chache. Pua husaidia: kwa simba wa Serengeti, nusu ya pua ikishakuwa nyeusi mnyama amekwishafika miaka mitano au zaidi. Ila pua za simba hazikolei weusi kwa kasi ileile kila mahali Afrika. Manyoya ya shingo yanadanganya zaidi. Simba wa nyanda za joto za Selous huwa na manyoya haba hata wakiwa wazee, na wa nyanda za juu zenye baridi hupata shungi nene mapema. Baada ya msimu fuvu, meno na picha hukaguliwa ili kuona kama mwindaji alikosea, lakini ukaguzi huo unamkuta simba ameshakufa.

Na kuna shinikizo la fedha. Kwa miaka mingi mwenye kitalu alitakiwa kulipia angalau asilimia 40 ya thamani ya mgao wake, apige asipige. Mtu akilipishwa kwa kutopiga, tusishangae kidole kikiwa chepesi. Utafiti wa Packer na wenzake wa 2011 uligundua kwamba simba walipungua zaidi katika maeneo yale yaliyokuwa yakiwindwa kwa wingi, ukapendekeza usipigwe zaidi ya simba mmoja kwa kila kilomita za mraba 2,000, au mmoja kwa kila 1,000 ndani ya Selous. Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, walianza mapema, mwaka 2006, na walifanya jambo la busara: mgao wa msimu unaofuata unategemea umri wa simba uliowapiga msimu huu. Ukipiga mchanga, mwakani unapunguziwa. Idadi ya madume wachanga waliopigwa huko ilishuka, kwa sababu subira ilianza kulipa na pupa ikaanza kugharimu. Mtu anayesema wawindaji hawabadiliki angepaswa kuitazama Niassa.

Upande wa pili una hoja nzito, na siipuuzi hata moja.

Ya kwanza ni Cecil. Simba huyu aliuawa Julai 2015 nje kidogo ya hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, akiwa na miaka 13. Kwa kipimo cha umri pekee hakukuwa na kosa. Alikuwa mzee kuliko simba dume wengi wanavyowahi kufika. Dunia ikalipuka hata hivyo. Waliokasirika hawakuwa wanauliza kama watoto wake wangeishi. Walikuwa wanauliza kwa nini mtu asafiri kutoka Marekani kuua mnyama asiyemla wala hakumdhuru. Hilo swali kanuni ya miaka sita hailigusi kabisa, na mtetezi wa uwindaji anayelijibu kwa takwimu za pua anajibu alichotaka kuulizwa. Miaka miwili baadaye mtoto wa Cecil, Xanda, alipigwa vilevile nje ya Hwange. Alikuwa na miaka sita, na alikuwa na watoto wadogo. Huyu anatusumbua hata sisi tunaoikubali kanuni, maana yupo pale pale kwenye mstari. Watafiti waliofanya kazi bonde la Luangwa, Zambia, wamependekeza mstari usogezwe hadi miaka saba na vitalu vipewe vipindi vya kupumzika. Naona wana haki.

Ya pili naiona nzito zaidi, na haisemwi sana kwenye mijadala ya Ulaya. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao kusini, katika maeneo kama Rufiji na Lindi. Chanzo kikubwa kilikuwa nguruwe pori. Nguruwe wanaingia shambani usiku, simba wanawafuata nguruwe, na mkulima yuko hapohapo, amelala kwenye dungu akilinda mahindi yake. Dungu ni vijiti na makuti. Simba hahitaji kupanda sana.

Sasa mwambie mkulima huyo kwamba dume mchanga ameonekana kitaluni jana na ameachwa kwa maslahi ya uhifadhi. Yule aliyeachwa anaweza kuwa aina ya simba anayezurura: amefukuzwa kwao, hana kundi, hana ardhi, anakula anachopata. Simba wenye makao yao porini hawana haja kubwa ya kusogelea vijiji. Kijana asiye na kwao anaweza kujikuta kwenye zizi au pembeni mwa shamba. Faida ya kumwacha inahesabiwa kwa vizazi vya simba na kwa dola za msimu ujao. Gharama, ikitokea, inahesabiwa kwa mbuzi wa mtu, au kwa mtoto wake. Anayenong'ona "muache aende" na anayelala kwenye dungu hawajawahi kukaa meza moja, na mimi hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya maadili kuliko kwenye risasi yenyewe. Si hoja ya kuwapiga wachanga. Simba mla watu anashughulikiwa na askari wa wanyamapori kwa sheria yake, na mteja wa kitalii hana nafasi hapo. Ni hoja kwamba kijiji kilicho jirani na kitalu kinapaswa kupata kitu kwa simba aliyeachwa, kama kinavyotarajiwa kupata kwa simba aliyepigwa. Leo pesa huja mnyama akianguka.

Halafu kuna tembo, na hapa kanuni nzuri inageuka sumu. Waliozoea kusikia "acha mchanga, piga mzee" huihamishia kwa kila mnyama. Sheria ya Tanzania inataka tembo anayewindwa awe na pembe ya angalau kilo 20 au urefu wa sentimita 160, maana yake dume aliyekomaa. Lakini tembo dume hazeeki kama simba. Huanza kupandwa na mori ya uzazi akikaribia miaka 30, na akivuka 40 ndipo majike wanapomkubali zaidi na ndipo anapozaa zaidi. Mzee kwa simba ni aliyemaliza kazi. Mzee kwa tembo ndiye anayeifanya. Wazee hao pia huwatuliza vijana. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, tembo vijana waliolelewa bila wakubwa waliua faru zaidi ya 40 katika miaka ya 1990, na mauaji yakakoma madume wakubwa walipoletwa kutoka Kruger.

Kwa hiyo habari za Enduimet, wilayani Longido, ziliniuma. Kati ya Septemba 2023 na Machi 2024 madume wasiopungua watatu, wenye pembe kubwa ajabu, walipigwa upande wa Tanzania, karibu na mpaka. Ni tembo wanaovuka kwenda na kurudi Amboseli, nchini Kenya, ambako wamefuatiliwa tangu 1972, na mmoja wao, Gilgil, alikuwa na miaka 35. Tangu katikati ya miaka ya 1990 uwindaji ulikuwa umesitishwa katika ukanda ule kwa maelewano. Walioutetea walisema waliopigwa ni wazee na leseni zilikuwepo. Leseni sibishani nazo. Lakini neno "mzee" hapo limebeba mzigo usio wake.

Hata kulungu wa mkia mweupe wa Marekani, ambako falsafa ya kuacha madume wachanga imeenea sana, anafundisha hivyohivyo. Jimbo la Pennsylvania lilianza mwaka 2002 kuwalinda madume wenye pembe changa, kwa kuwa wengi walikuwa wakipigwa wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu. Kulungu dume halei watoto, wala uzao wake hauuawi na dume mwingine. Sababu ilikuwa kurudisha uwiano wa umri. Kisha ukaja ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaowapata zaidi madume wakubwa, na majimbo kama Missouri yakaondoa ulinzi huo katika maeneo yenye maambukizi. Kilichokuwa busara mahali pamoja kikawa hatari mahali pengine.

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na kati ya mwaka huo na 2016 ilipoteza takriban theluthi mbili ya wanyamapori wake. Wapo wanaoitumia takwimu hiyo kama ushahidi kwamba bunduki ya mtalii ndiyo inayolinda pori. Mimi nasita. Uzio, mifugo, ukame na wingi wa watu vimechangia, na Tanzania iliyoruhusu uwindaji nayo imeona simba wakipungua katika vitalu vyake. Ninachokubali ni kwamba kitalu kisicho na mwekezaji hakibaki pori kwa muda mrefu. Tumeona vitalu vikirudishwa serikalini baada ya masharti ya Marekani ya kuingiza nyara za simba kukazwa mwishoni mwa 2015, na mkaa na ng'ombe vikafuata.

Kwa hiyo ningeibakiza kanuni na kuikaza: miaka saba badala ya sita, mtindo wa Niassa wa kuadhibu kwa mgao, na matokeo ya ukaguzi wa umri yatangazwe kila msimu, kitalu kwa kitalu, ili mwanakijiji wa Liwale ayasome sawasawa na mteja wa Texas. Kwa tembo, ukanda wa Enduimet ufungwe rasmi, kwa maandishi. Na siku ile ya 17 mteja akiondoka mikono mitupu, sehemu ya pesa yake iende kwa wanaolala kwenye madungu, simba awe ameanguka au bado anatembea.