Wazee wakae kwenye kamati ya zahanati, kabla bajeti haijapita

Sera ya Taifa ya Wazee hapa Tanzania tunayo tangu 2003, imeweka wazi kwamba mzee ni mtu wa kuanzia miaka 60, na kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Leo ukienda hospitali nyingi za serikali utakuta dirisha la wazee na bango la kuwaomba watu wampishe mzee. Hilo ni jambo kubwa na waliolipigania wapewe haki yao.

Ila dirisha sio dawa jamani. Bibi yangu ana presha na kisukari, kwenye kituo anachotibiwa foleni haimsumbui kabisa, anapishwa, anaonwa, anaandikiwa, akifika dirisha la dawa anaambiwa bibi, dawa ya presha imeisha, kanunue duka la nje. Kwaiyo kumuona daktari ni bure ila kumeza dawa ni hela, na mwezi ambao sisi wajukuu tumechelewa kutuma anakata kidonge nusu nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Sasa kwenye kikao kinachopanga kituo kinunue nini, angekuwepo hata mtu mmoja anayeijua hiyo nusu, sidhani kama ya presha ingekua inaisha kirahisi hivyo.

Na kikao kipo! Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela za ruzuku zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo inakaa kupitia mpango na matumizi. Wazee nao wana mabaraza yao, ila mara nyingi tunayasikia Oktoba 1, siku ya wazee, risala inasomwa kwa mgeni rasmi, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Wakati huo bajeti ilishapita Bungeni mwezi wa sita na hela zimeshagawanywa.

Wanaosita kuwapa wazee nafasi kwenye maamuzi nao wana hoja, na wengine sio watu wabaya. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee kama milioni 2.5 kati ya watu karibu milioni 45, yani hawafiki asilimia 6, wakati watoto chini ya miaka 15 walikua zaidi ya asilimia 40. Zahanati yenye vihela kidogo ikiambiwa ichague kati ya mama anayejifungua na mzee wa kisukari, mganga mfawidhi atamchagua mama na mi siwezi kumlaumu. Ila tukumbuke ni nani analea hao watoto huku vijijini, bibi akipata kiharusi wajukuu wanabaki na nani?

Hoja inayoniumiza kichwa zaidi ni mzee yupi atakaa pale. Tukiacha mambo yaende yenyewe atachaguliwa mstaafu, mwanaume, anayejua kuandika muhtasari, na ana bima ya wastaafu kwaiyo habari ya kukata kidonge haijui. Bibi wa kijijini ambaye hajawahi kuajiriwa hatatajwa hata jina. Halafu kuna heshima zetu, mzee akishasema nesi wa miaka 26 atambishia vipi mbele ya watu? Inabidi mwenyekiti awe imara kweli.

Pamoja na hayo bado naona wawepo. Chukua hilo neno "asiye na uwezo", huku bara mzee anatakiwa athibitishwe na viongozi wa mtaa au kijiji kwamba hana kitu, wakati Zanzibar pensheni jamii ilipoanza 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, kigezo kikubwa kilikua umri wa miaka 70, hakuna kujieleza umaskini wako. Anayejua uchungu wa kuzungushwa na barua ni yule aliyezungushwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023 na mambo mengi yataamuliwa kwenye utekelezaji, kwaiyo muda wa kuwasikiliza ni huu. Napendekeza viti viwili kwenye kila kamati ya kituo, kimoja lazima kiwe cha mwanamke, kingine cha mzee asiye na pensheni wala bima ya ustaafu, wachaguliwe na wazee wenzao, wapewe nauli, na waitwe wakati mpango wa mwaka bado unaandikwa.